Asubuhi Baba Alipoisikia Jupita kwa Kiganja

Ngokolo, Shinyanga. Jumapili, mvua tangu alfajiri.

Shajara, leo sikwenda misa. Nimesingizia mvua, ingawa mwavuli ninao, tena mzima. Nimekaa dirishani na chai ya rangi, natazama maji yakikimbia barabarani, na nimeamua kuandika jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Wasomaji wachache mnaoisoma shajara hii kwenye blogu mmeniuliza mara nyingi: ilikuwaje mwalimu wa fizikia wa Shinyanga akaenda ng'ambo kusoma sayari kwa redio? Huwa nawajibu kwamba ilikuwa bahati.

Si kweli.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafundisha sekondari ya wasichana, nimepanga vyumba viwili hapa hapa Ngokolo. Kimoja changu, kingine cha baba.

Baba alikuwa amefanya kazi tangu ujana wake kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, hadi ulipofungwa. Alikuwa mtu wa kushika mashine ya kutoboa mwamba kabla baruti haijawekwa. Mashine zile zilimla masikio kidogo kidogo. Alipoiacha kazi, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia pale tu ulipopiga kelele kama unayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akarudi kwao Ushirombo kulima pamba na mahindi. Mama alipofariki nikamchukua, nikaja naye mjini. Alikuja na godoro, jembe, rozari na kigoda chake.

Yeye mwenyewe alizungumza kwa sauti ndogo mno, kama mtu anayechelea kuamsha watoto. Hakuwa akiisikia sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hakuamini kwamba inatoka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele. Na jirani yetu, Mama Rehema, alisikia kila neno. Mama Rehema alikuwa Mha wa Kigoma, mpika maandazi, mumewe dereva wa lori la pamba asiyekaa nyumbani. Tulitumia ua mmoja. Nikimuuliza baba kama amemeza dawa, Mama Rehema alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Bado, Mwalimu! Kidonge nimekiona mezani!"

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na nilikuwa nayapenda.

Sasa niseme habari ya Jupita. Nilipokuwa chuo kikuu, mwalimu mmoja alitufundisha kwamba ile sayari kubwa haikai kimya. Ina sumaku yenye nguvu sana, na ina mwezi mmoja uitwao Io unaoizunguka kwa muda usiofika siku mbili. Mwezi huo unapofika sehemu fulani za mzunguko wake, Jupita hurusha mawimbi ya redio yanayofika mpaka huku kwetu. Huhitaji darubini. Unahitaji redio nzuri ya mawimbi mafupi, waya, na subira. Darasa zima tulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule sikulala.

Miaka michache baadaye mwalimu yule aliniandikia. Alisema Shinyanga panafaa, hakuna mitambo mingi ya kuleta kelele, kwa nini nisijaribu? Akanitumia jedwali alilolipiga kwa taipureta, likionyesha asubuhi zipi Io angekuwa mahali panapotakiwa.

Nikaenda parokiani. Walikuwa na redio kubwa ya zamani ambayo zamani waliitumia kuongea na zahanati za mbali. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Jupita anajua Kiswahili, kisha akanipa. Betri ya gari niliazima gereji. Waya wa shaba niliutandaza uani, urefu wa hatua kumi, juu ya miti miwili.

Mama Rehema alitoka na beseni la nguo, akautazama. "Mwalimu, naweza kuanika kanga hapa?"

"Hapana, Mama Rehema. Huu ni wa kusikilizia."

"Kumsikiliza nani?"

Nilipomweleza aliweka beseni chini, akashika kiuno, akatazama juu muda mrefu. Hakucheka. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa waya ule.

Ila kwenye bahasha iliyoleta jedwali kulikuwa na karatasi ya pili, Shajara, na hiyo ndiyo sijawahi kuiandika. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mwanafunzi wa kusoma sayari na miezi yake kwa njia ya redio. Miaka mitatu, gharama zote juu yao. Mwalimu wangu alikuwa ametaja jina langu bila kuniuliza. Walitaka jibu ndani ya miezi miwili.

Nikaiweka chini ya godoro.

Mtu pekee niliyemwambia ni Mama Rehema, jioni moja akikanda unga. Nilimwambia nitakataa. Baba ni mjane, ni kiziwi, hana mwingine, nitamwachaje?

"Umemuuliza?"

"Hasikii, Mama Rehema."

"Kutosikia ni kutosikia," alisema huku anakanda. "Mimi nimekuuliza kama umemuuliza."

Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kukataa. Ilikuwa barua nzuri, yenye kugusa moyo. Ilimtaja baba mara nne.

Nikawa naamka saa kumi alfajiri, kwa sababu mawimbi yale husikika vizuri kabla jua halijachomoza. Nawasha redio, nakaa. Wiki ya kwanza sikusikia kitu. Wiki ya pili hivyo hivyo. Ni mlio ule tu wa shhh, na mara moja moja mpasuko wa radi ya mbali, kama bisi zinazopasuka sufuriani, au sauti ya mtangazaji wa nchi nisiyoijua akija na kupotea. Naandika kwenye daftari: Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Na hapa lazima niwe mkweli. Kila nilipoandika "Hakuna", kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi. Darasani chuoni nilikuwa mwanamke peke yangu, na watu walizoea kusema Skolastika ana akili sana. Nilijua huko Ulaya wangekuwepo watu wenye akili kunishinda, na ingeonekana kwamba mimi ni mtu wa kawaida. Nikikaa Shinyanga, hakuna atakayejua. Na nikiwa hata Jupita siisikii, basi, si wana haki ya kunikataa?

Baba alikuwa anaamka kusali rozari. Akikuta nimekaa, naye anavuta kigoda, anaketi upande wa pili wa meza, anaweka kiganja juu ya spika. Siku ya tatu au ya nne nilimuuliza kwa ishara, unafanya nini?

"Mgodini," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "baruti ikishalipuka, huingii hivi hivi. Unagonga mwamba kwa fimbo ya chuma. Mwamba mzima unajibu hivi, mwamba uliolegea unajibu vile. Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Mimi masikio yalipokwisha nikawa naweka mkono." Akainua kiganja, akanionyesha kama mtu anayeonyesha cheti. "Hiki hakijawahi kunidanganya. Ndiyo maana niko hapa."

Tukawa tunakaa hivyo, asubuhi baada ya asubuhi. Yeye rozari mkono mmoja, spika mkono mwingine. Sidhani kama nimewahi kuwa karibu na mtu kuliko nilivyokuwa naye asubuhi zile, na hatukuwa tukisema neno.

Halafu ikafika ile siku ya Mei.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, mbingu safi. Jedwali lilisema Io angekuwa mahali pake tangu saa kumi. Nilisikiliza mpaka karibu saa kumi na moja. Shhh. Nikaandika "Hakuna", nikafunga daftari, nikamwacha baba na redio inayowaka, nikatoka uani kuwasha jiko la mkaa nipike uji. Nakumbuka nilikuwa nimekwisha kubandika uji, napepea mkaa na kusema moyoni kwamba leo barua naipeleka posta.

"Skola!"

Nilidhani ameanguka. Kwa miaka yote niliyomjua baba akiwa kiziwi sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Niliacha jiko, nikakimbia.

Alikuwa pale pale kwenye kigoda. Rozari imeanguka sakafuni. Viganja vyote viwili viko juu ya spika, na macho ameyafumba.

"Kuna kitu kinakuja na kurudi," alisema. "Si radi. Radi inachoma mara moja. Hiki kinakuja na kurudi."

Nikasikiliza.

Umewahi kusimama ufukweni mwa ziwa, upande wa Nungwe kule Geita, siku ya upepo? Wimbi linakuja, linavimba, linapiga, linarudi, na kabla halijamaliza jingine limekwisha kuanza. Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya wimbi ndani ya chumba changu cha kupanga, Ngokolo, mahali ambapo maji tunayachota kwa foleni.

Sikuamini. Nilizungusha kitufe kidogo kushoto, ikawepo. Kidogo kulia, ikawepo. Stesheni ya mtu ingepotea. Nikachomoa waya, mawimbi yakakatika. Nikaurudisha, yakarudi. Nikatoka uani kutazama kama kuna radi upande wowote; hapakuwa hata na wingu. Ila Jupita ilikuwapo, kubwa, nyeupe, imeelekea magharibi juu ya paa la Mama Rehema, imetulia kama vile haihusiki.

Nilirudi nikaanza kulia.

Kile alichokigusa baba kilikuwa kimeondoka Jupita zaidi ya nusu saa kabla, wakati yeye anaanza rozari yake. Kimesafiri njia yote ile kimya kimya, kikaingia kwenye waya wa Ngokolo, na mtu wa kwanza kukipokea akawa kiziwi.

"Ni nini?" baba aliuliza.

"Ni Jupita, baba!"

"Nini?"

"JUPITA!"

Dirisha la jirani likafunguka. "Mwalimu, kuna usalama huko?" Dakika moja baadaye Mama Rehema alikuwa mlangoni, kanga mabegani, mikono imejaa unga. Nikamkalisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Kama mtu anapepeta mchele. Mtu mkubwa sana, na ungo mkubwa sana." Mpaka leo sijapata maelezo yanayoishinda hayo.

Nilimpigia baba kelele kumweleza habari za Io. Kwamba ni mwezi wenye milima inayotapika moto, chombo kimoja cha angani kiliwahi kupita karibu kikauona. Kwamba huo mwezi ndio unaoiamsha sayari. Alitikisa kichwa polepole kukubali. "Kwa hiyo mkubwa anasema, lakini mdogo ndiye anayemsemesha." Nikasema ndiyo, baba, ni hivyo hasa.

Mawimbi yakaanza kufifia. Baba hakuondoa mikono mpaka yalipokwisha kabisa. Kisha akainama, akaokota rozari, akaivaa shingoni, na bila kunitazama akasema:

"Ile barua ya Ulaya umeijibu?"

Nilimgeukia Mama Rehema. Mama Rehema alikuwa anatazama unga kwenye vidole vyake.

"Usimtazame yeye," baba alisema. "Aliniambia wiki iliyopita ukiwa shuleni. Alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Nadhani Ngokolo nzima inajua, isipokuwa wewe hujui kwamba tunajua."

Nikaanza kusema yale yaliyokuwa kwenye barua. Kwamba yuko peke yake. Kwamba nani atampikia, nani atampeleka hospitali. Alinyanyua kile kiganja kunikatiza.

"Mimi nitakaa hapa hapa kwenye chumba changu. Mama Rehema anapika, na mimi uani naweza kulima mchicha. Hayo tumekwisha kuyapanga. Sasa usinitie mimi kwenye barua yako. Kama hutaki kwenda, andika hutaki. Kama unaogopa, andika unaogopa. Lakini usiandike baba."

Mwanga ulikuwa umeanza kuingia. Nikasema, "Naogopa."

Nililisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu husemea neno kama hilo.

"Sikusikia," alisema baba.

"Naogopa, baba."

"Sema tena."

"NAOGOPA, BABA!"

Nadhani Ngokolo nzima ilisikia. Jogoo alinyamaza. Mtu fulani nyumba ya tatu akakohoa. Mwalimu wa fizikia, mwanamke wa miaka ishirini na minane, alfajiri, anapiga kelele kwamba anaogopa.

Baba akanivuta, akaniweka kichwa begani kwake kama nilipokuwa mdogo. "Wabeja," alisema. Kwa Kisukuma ni asante. Sikumuuliza alikuwa ananishukuru kwa nini.

"Uji umeungua," Mama Rehema alisema. Na kweli ulikuwa umeungua.

Siku ile ile niliandika barua nyingine, fupi. Nikakubali.

Nilikwenda. Na lile nililoliogopa likatokea. Kule nilikuwa mtu wa kawaida. Kulikuwa na vijana waliokuwa wanapiga hesabu kichwani ambazo mimi zilinichukua karatasi mbili. Kazi yangu kwa miaka mitatu ilikuwa kupima karatasi ndefu zenye mstari wa wino uliochorwa na mashine ya redio, saa baada ya saa za Jupita, na kuandika pembeni kila mara Io alipofika mahali pake. Mtu mwingine alizitumia kufikiria mambo makubwa. Jina langu lipo kwenye makala mbili, mwishoni mwishoni.

Nilikuwa wa kawaida, na haikuniua. Laiti ningejua mapema kwamba haiui.

Baba alikuwa ananiandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa alizofundishwa na katekista. Barua zake zote zilikuwa na mistari ile ile mitatu. Huku salama. Mchicha umeota. Usiwe na wasiwasi. Nami sikuwa na wasiwasi. Nilirudi, nikafundisha chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, na baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki nikiwa nimemshika mkono, tukamzika Ushirombo kando ya mama.

Hapo ndipo hadithi yangu ilikuwa ikiishia, kwa jinsi nilivyokuwa naijua mimi.

Jana nilikwenda Kahama. Mama Rehema sasa anaishi huko, mtaa wa Nyahanga, kwa binti yake Rehema. Amezeeka, miguu haimbebi, ila ulimi ni ule ule. Tulikaa barazani tukakumbuka mambo, waya, betri, uji ulioungua. Tukacheka mpaka Rehema akaja kututazama. Kisha Mama Rehema akanishika mkono.

"Mwalimu, mzee wako aliogopa sana."

Nikamuuliza lini.

"Miaka ile yote mitatu. Alikuwa halali. Jua likizama analeta kigoda mlangoni kwangu, anakaa mpaka nafunga mlango, na nikifunga bado namsikia yuko nje. Alikuwa ananiuliza kama ndege huanguka mara nyingi. Akimwona mtu wa posta, anasimama kabla hajaitwa. Mwaka wa pili aliumwa wiki tatu, tukamlaza hospitali, akaniapisha kwa Mungu wangu na wake nisikuandikie. Barua ile ya mwezi ule aliiandika kitandani."

Niliikumbuka barua ile. Huku salama. Mchicha umeota.

"Nilimwambia, mzee, si ulimwambia mtoto aseme kama anaogopa? Wewe mbona husemi? Akaniambia, 'Yeye alikuwa anasema ili aende. Mimi nikisema atarudi.'"

Sikulia pale. Nililia kwenye basi, dirishani, njia nzima mpaka Shinyanga, na mama mmoja ambaye hatujuani alinipa leso bila kuuliza kitu.

Tangu jana nimekuwa najaribu kumkasirikia, Shajara, na siwezi. Najaribu kumshukuru, nalo halitoshi. Miaka yote tuliyokaa pamoja baada ya mimi kurudi, asubuhi ngapi tulikunywa chai meza moja, na sikuwahi kumuuliza: baba, na wewe ulikuwaje? Nilijua Io yuko wapi kwa kila saa ya miaka ile mitatu. Baba alikuwa wapi saa hizo?

Mvua inaanza kukatika. Kesho kuna basi la asubuhi la Ushirombo. Kwa mvua hizi majani yatakuwa yamelifunika kaburi lake. Nitachukua jembe dogo, na nitakwenda peke yangu, ili nipate nafasi ya kukaa naye mpaka jioni.